Mfuko wa Suruali ya Mume Wangu

Kila asubuhi, mume wangu akiwa nyuma ya nyumba anaoga, niliingia chumbani na kutia pesa katika mfuko wa suruali yake. Suruali ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilitumia mfuko wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umetoboka na sikuwa nimepata nafasi ya kuushona. Kisha nilitoka kwenda kupuliza moto kama mtu asiyejua lolote. Yeye alirudi, akavaa, akatoka barazani alipokaa mama yake na kikombe cha chai, akaingiza vidole vitatu mfukoni na kuvuta zile noti polepole.

"Pesa ya marché hii," aliniambia.

Nilizipokea pesa hizo za sokoni kwa mikono miwili. Mama mkwe alizitazama zikitoka mkononi mwa mwanawe kuingia mkononi mwangu, akanywa chai yake, akaridhika.

Pesa zilikuwa zangu. Nilizipata kwenye meza yangu mbele ya parcelle yetu, kiwanja chetu hapa Kabondo, Kisangani, nikiuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, maharagwe, chumvi na mafuta ya mawese kwa chupa ndogo. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na ni mwalimu mzuri, wanafunzi wake wa zamani humsalimia barabarani kwa heshima mpaka naona wivu. Lakini jina lake lilikuwa halijafika kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kila mwaka aliambiwa faili iko njiani. Alichopata ni kile ambacho wazazi walichangia shuleni, siku walipochangia.

Nisimsingizie mtu: hakuna aliyenilazimisha. Mchezo ule niliuanzisha mwenyewe. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Basoko, kwao, baada ya kufiwa na mumewe, na asubuhi ya kwanza kabisa aliketi barazani kungoja aone jinsi mwanawe anavyoendesha nyumba. Mtaani kwetu nyumba hujulikana kwa jambo hilo. Mwanamume anayetoka asubuhi bila kuacha pesa ya marché, jirani wanajua hata kabla sufuria haijalala kavu. Siku ile mume wangu alisimama mlangoni, mkono juu ya mfuko mtupu, na uso alioufanya sikuweza kuuvumilia. Nilimpenda. Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi. Kesho yake nilitia pesa mfukoni bila kusema neno. Yeye alizikuta, akazitoa, naye hakusema neno. Miaka minne ilipita hivyo, na hatukuwahi kulizungumza hata mara moja, wala kitandani, wala tulipogombana.

Ubaya ni kwamba mkono ule uliotoa noti ulipata sifa. Mama mkwe alipiga simu Basoko kila Jumapili kusimulia jinsi mwanawe anavyochunga watu wake. Basi Basoko nao wakapata akili. Mara mabati ya nyumba ya shangazi, mara mtoto wa binamu anaanza shule, mara mtu amelazwa. Mume wangu hakuweza kukataa, maana mtu anayetoa noti kila asubuhi atasema hana kwa mdomo gani? Na mimi niliyekuwa natia mfukoni ndiye niliyekuwa nalipa. Mtaji wa meza yangu ulianza kuliwa. Nilipokuwa nanunua boksi zima la makayabu nilianza kununua nusu, kisha robo, kisha vipande kwa mama mwenzangu, ambavyo faida yake ni harufu tu mikononi. Watoto watatu, mama mkwe, sisi wawili: nilijua kwamba kabla ya mvua nyingine kuanza, meza ile itakuwa mbao nne tupu.

Hapo ndipo habari ya depo ilipokuja.

Depo ni ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mtu wa maneno machache. Anauza kwa jumla unga, chumvi, sabuni, mafuta na makayabu, karibu na soko kuu. Kwake ndiko nilikokuwa nanunua tangu enzi za boksi zima. Alikuwa ameniona nikibonyeza makayabu kwa kidole gumba na kumwambia boksi lipi limelowa kabla halijafunguliwa. Mtu wake wa depo aliondoka kwenda kufanya biashara yake Banalia, na siku moja patron, kama tulivyomwita, aliniita kando, akaniuliza kama ningeweza kushika funguo: kupokea mali, kuitoa, kujua kilichomo. Mshahara kila mwisho wa mwezi.

Mshahara. Nina diploma ya sekondari iliyofungwa katika plastiki chini ya godoro, na neno hilo lilikuwa halijawahi kukaa karibu na jina langu. Nilitaka kuruka pale pale kati ya magunia. Kisha akataja kiasi, na nilijua mara moja kwamba kilikuwa pungufu ya alichokuwa akimpa yule aliyeondoka. Nilimuuliza kwa nini.

"Ule alikuwa na familia ya kulisha, mama. Wewe, bwana yako anakulisha. Yako ni ya kuongeza tu."

Niliyameza maneno hayo.

"Sasa sikia," akaendelea. "Wewe minakujua. Bwana yako simujui. Mulete vendredi, mbele ya saa sita. Nataka nimuone kwa macho yangu, anipatie neno lake."

"Patron, siku hizi sheria haiombi tena ruhusa ya bwana."

"Sheria iko Kinshasa. Unga iko hapa." Hakucheka. "Si juu ya ruhusa, mama. Mali ikipotea, nitauliza nani? Mwanamuke mwenye bwana anamulisha muzuri, unga yangu haimusumbue. Mwenye njaa ndiye anafungua mufuko. Donc nataka kuona kama nyumba yako iko na mutu anaisimamisha. Kuko na mama mwingine, bwana yake iko ku douane. Naye atakuja vendredi."

Nilirudi nyumbani nikihesabu siku za kufika hiyo Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Nilimweleza mume wangu yote, hata lile la njaa, hata lile la mke wa mtu wa forodha. Alisikiliza akiwa na chaki bado kwenye vidole. Akasema ni jambo zuri, akasema atavaa shati lake jeupe. Nilimwona amefurahi kweli. Jumanne nilililowesha shati, nikalipiga pasi ya makaa, nikalitundika.

Jumatano tonton alifika kwa boti kutoka Basoko.

Tonton ni mdogo wa baba mkwe wangu marehemu, na tangu kifo cha baba mkwe yeye ndiye sauti ya familia. Alikuja na samaki wa moshi waliofungwa katika majani, na ombi: mtoto wake wa mwisho aje akae kwetu asome, maana huku kuna mtu anayejua kulisha. Mume wangu alisema wataona. Kisha, kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, akataja depo. Alidhani anatoa habari njema.

Mimi nilikuwa jikoni, natwanga ndizi zilizopikwa ili niwafanyie lituma. Jiko letu liko hatua tano kutoka barazani, na ukuta wake ni mabanzi. Nilisikia kila neno.

"Kwa nini?" tonton aliuliza.

"Anasaidia, tonton."

"Anasaidia nini? Mutoto yangu, mama yako ameniambia. Kila asubuhi unaacha pesa ya marché. Kila asubuhi! Hapa Kisangani ni wanaume wangapi banaacha pesa kila asubuhi? Na bibi yako, mwenye hakosi kitu, aende kukaa kutwa mzima mu depo ya mwanaume mwingine? Batu batasema nini? Batasema umeshindwa."

"Ni kweli," mama mkwe akasema. "Meza yake ya hapa nje inatosha. Ni ya kujichezesha."

Ya kujichezesha! Nilisimamisha mchi hewani. Nilingoja. Nilikuwa na hakika kwamba sasa atasema. Sikutaka aseme yote, neno moja tu, kwamba meza si mchezo.

"Tonton iko na raison," mume wangu alikubali.

Nilishusha mchi kwa nguvu mpaka kinu kikapiga kelele na ndizi zikaruka. Hasira yangu huwa inaanzia miguuni. Nilikuwa nimejenga ukuta mwenyewe, noti juu ya noti, asubuhi juu ya asubuhi, na sasa ulikuwa umenizunguka pande zote. Ningepiga kelele kwamba anayelisha ni mimi? Nani angeamini? Walikuwa wameona kwa macho yao.

Alhamisi mchana nilimfuata mume wangu kwenye njia ya shule alipokuwa anarudi, mahali ambapo hakuna masikio ya nyumbani.

"Kesho utakuja ku depo ao hautakuja?"

Alitazama baiskeli zilizokuwa zinapita. "Unataka nibaambie nini, mama?"

"Baambie ukweli."

"Mama yangu atakufa na haya."

"Na mimi nitakufa na nini? Meza inakufa, papa. Wewe ni mutu ya hesabu. Hata wewe unaona."

"Naona," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini siwezi. Nisamehe. Siwezi."

Hatukuwa tumewahi kukaribia jambo lile kiasi hicho. Tulitembea mpaka nyumbani tukiwa tumeachana kama hatua mbili, na mimi nilikuwa nimeshaamua.

Ijumaa asubuhi alikwenda kuoga. Niliingia chumbani. Suruali ilikuwa pale kwenye msumari. Nilisimama mbele yake na pesa mkononi, nikasikia maji yakimwagika nje, kama mtu aliyekuja kuiba. Kisha nilitoka na pesa zangu, nikaenda kupuliza moto.

Barazani walikuwa wamekaa wote wawili, mama mkwe na tonton, chai na mikate. Watoto walikuwa wameshatoka. Mume wangu alikuja katika shati lake la kila siku, lile jeupe alikuwa ameliacha limetundikwa, na hilo nililiona kwanza. Akasimama, akaingiza vidole mfukoni.

Nilimtazama. Vidole vilikwenda chini, vikasimama, vikatafuta. Akaingiza mkono wote. Akajaribu mfuko wa kushoto, ule uliotoboka, akakutana na paja lake. Akainua macho akaniona, na akaelewa. Sekunde chache zile zilikuwa ndefu kuliko miaka minne. Nilimsihi kwa macho: sema. Nimekufungulia mlango, pita. Sema leo sina, kama wanaume wengine wanavyosema, halafu mambo mengine yatafuata yenyewe.

"Pesa ilikuwa hapa," alisema.

Tonton aliweka kikombe chini.

"Ilikuwa hapa," akarudia, sauti ikiwa nyembamba. "Jana niliiweka."

"Nani anaingia mu chumba yenu?" mama mkwe aliuliza. Aliuliza polepole, akanigeukia polepole, na nyuma yake tonton akageuka vilevile. Sikuwahi kutazamwa hivyo katika nyumba ile, nyumba ambayo chumvi yake naijua mpaka punje.

"Mama, nakuuliza wewe," mama mkwe aliniambia.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bon," tonton akasema, akicheka kwa pua. "Mwanamuke anaiba bwana yake mwenyewe, na ndiye unataka kutuma ku depo ya batu?"

Bado nilingoja. Naandika haya nikiwa na uchungu uleule: nilingoja muda mrefu kuliko mwanamke mwenye akili anavyopaswa kungoja. Hakuinua kichwa.

"Sawa," nilisema. "Mimi ni mwizi."

Niliingia ndani, nikavaa kitenge changu kizuri na viatu vya kanisani, nikatoa diploma chini ya godoro, nikapita mbele yao bila kuaga. Nilikwenda mjini kwa miguu. Nilitembea kwa hasira hivi kwamba wenye toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, walikuwa wakipunguza mwendo kuniuliza kama napanda, wakiona uso wangu wanakanyaga wakapita.

Depo ilikuwa imejaa wateja na wabebaji. Kwenye benchi, karibu na mizani, alikuwa amekaa mama mmoja mnene kidogo, nywele zimesukwa vizuri, mkoba wa ngozi juu ya magoti. Nilijua ni nani. Nilitaka kumchukia lakini alinisogezea nafasi na kunipa chupa yake ya maji kabla sijaomba.

"Bwana yangu ameshapita," aliniambia. "Amezungumuza na patron, amerudi ku kazi. Wako anakuja?"

"Anakuja."

"Mi hata si juu ya pesa, mama. Ninachoka tu kukaa na télévision kutwa."

Aliyasema kwa unyenyekevu, na hakujua alichosema. Nilifikiria mshahara ule ukiingia katika nyumba yake, juu ya mshahara mwingine, ukinunua kitenge cha tano na feni ya pili. Nilifikiria sufuria yangu. Wanaonung'unika kwamba Mungu hagawi sawasawa waje wakae kwenye benchi kama lile.

Saa tano patron alikuja kwetu. Akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Ni wewe nataka. Huyu mama, makayabu anaijua mu sahani tu. Lete tu bwana yako. Saa sita nafunga, nafanya choix, nachagua mutu."

Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Ilikuwa imekaa pale, mbele yangu, na ilichokosa ni mwanamume aliyevaa vizuri aje aseme sentensi moja. Nilianza kupanga uongo. Kwamba ana malaria. Kwamba ameitwa na mkuu wa shule. Kwamba atakuja Jumatatu. Kila uongo niliouonja ulikuwa na ladha ya uongo. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya picha ya Bikira Maria, na sikuweza kuitazama saa bila kumtazama Maria.

Robo saa kabla ya saa sita, toleka ilisimama mbele ya mlango na mume wangu akashuka nyuma yake.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Jasho lilikuwa limelibandika mgongoni. Nilimkimbilia mpaka nje, nikakuta uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa wachumba.

"Nimebaambia," alisema.

"Umebaambia nini?"

"Yote. Mama na tonton. Nimebaambia pesa ni ya kwako, tangu siku ya kwanza. Nimebaambia anayeiba ni mimi, nilikuibia jina. Mama analia. Tonton amefunga kibegi yake." Alikuwa anahema na kutabasamu. "Nisamehe, mama. Ulipotoka na diploma yako mukononi, nilishindwa kusimama."

Nilifurahi. Nataka ieleweke kwamba nilifurahi kabisa, nikamshika mkono pale barabarani mbele ya watu, kitu ambacho hatufanyi. Miaka minne nilikuwa nimelitamani jambo lile bila kuthubutu kulitamka. Halafu nilisikia patron ananiita kutoka ndani, na furaha ikageuka hofu. Kwa maana mume wangu alikuwa anaingia mle akiwa na ukweli mdomoni, na ukweli ndio uliokuwa hautakiwi kabisa mle ndani.

Nilimvuta mkono wa shati. "Sikia. Humu usiseme vile. Humu sema unalisha nyumba."

Tabasamu likasimama. "Namna gani?"

"Sema unatulisha muzuri, hatukose kitu. Basi. Sentensi moja."

"Asubuhi ulitaka nini?"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi!"

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyempa jibu la ajabu. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimemweleza Jumatatu, neno kwa neno, habari ya mwenye njaa na mfuko wa unga. Lakini mtu aliyetoka kutua mzigo wa miaka minne hakumbuki ya Jumatatu. Patron aliita tena, na tukaingia.

Walisalimiana vizuri. Patron alimsifu kwa kazi ya ualimu, akamvutia kiti. Mke wa mtu wa forodha alisogea kwenye benchi kwa heshima. Wabebaji wawili walikuwa wanapanga sabuni nyuma yetu, nao walinyamaza kusikiliza, kama kawaida ya wabebaji.

"Papa mwalimu," patron alisema, "mama nimemujua siku mingi, ni mutu ya kazi. Mi nauliza tu kitu moja. Nyumba yako, ni wewe unaisimamisha?"

Nilikuwa nimesimama kando ya mume wangu. Niliweka mguu wangu juu ya kiatu chake na kukandamiza.

Nilimwona akitafuta ile sentensi moja, nami nikaisema moyoni pamoja naye, kama tunavyomsaidia mtoto aliyekwama kwenye shairi lake. Aliisema mara elfu kwa vidole vyake, asubuhi baada ya asubuhi. Ingemgharimu nini kuisema mara moja kwa mdomo, kwa faida yangu?

"Hapana, patron," alisema. "Ni huyu."

"Namna gani?"

"Ni huyu anatulisha. Miaka ine. Mi serikali hainilipi. Batoto, mama yangu, hata famille ya Basoko, bote banakula ku mikono ya huyu mama, na mutu hata moja hakujua. Alikuwa anaficha ili nisipate haya." Alikuwa ameinua kichwa. "Unatafuta mutu ya kuaminia mali? Alikuwa na pesa mukononi kila siku, na kila siku aliitoa. Mutu kama huyu utamupata wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo. Mbele ya patron, mbele ya wabebaji, mbele ya mwanamke mwenye mkoba wa ngozi. Niliinamisha kichwa nisilie. Alidhani anashuhudia kwa ajili yangu, na kwa kweli alikuwa anashuhudia. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa linanitoa kazini kabla sijaingia.

Patron alichukua kalamu, akaitazama, akairudisha. Hakuwa mtu mbaya, na nilimwona anaona aibu.

"Umesema muzuri, papa," alisema mwishowe. "Mungu akubariki kwa ukweli. Mi nimesikia." Akanigeukia, lakini macho yake yaliishia kwenye bega langu. "Mama, nitakuita."

Mtu yeyote wa mji huu anajua maana ya nitakuita.

"Patron," nilisema, "batu sita banakula juu yangu, na haujapotezewa na mimi hata kipande ya sabuni. Miaka yote hii nanunua kwako."

"Ndiyo sababu, mama. Batu sita." Alifungua mikono. "Mi niko commerçant tu, mutu wa biashara."

Mke wa mtu wa forodha alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili laini. Akaniambia Mungu atanifungulia mlango mwingine, na naamini aliyasema kwa moyo. Nilimjibu amina. Funguo zilikuwa mezani, na nilipokuwa natoka nilizisikia zikiinuliwa.

Nje jua lilikuwa kali. Mume wangu alikuja nyuma yangu akiwa ameduwaa, bado na ule uso wa mtu aliyefanya jambo jema.

"Nilikosea?" aliuliza.

Nilitaka kumpiga kwa diploma yangu. Nilitaka pia kumkumbatia. Nilimwambia ndiyo, alikosea, na kwamba akirudia tena kunisifu kwa watu wenye kazi nitamfukuza nyumbani. Alisimama pale, mikono ikining'inia, shati limekauka na kuacha chumvi.

"Papa!" mtu akaita. "Pesa yangu!"

Alikuwa yule mwenye toleka, mzee wa mvi, bado amesimama na baiskeli yake kivulini, amengoja muda wote ule. Mume wangu alijishika mifuko yote miwili, akanigeukia. Alikuwa amekuja kutoka Kabondo bila hata faranga moja.

Kwenye mlango wa depo patron alikuwa amesimama, na nyuma yake mke wa mtu wa forodha, na wabebaji. Siku nyingine yoyote ningemtilia mume wangu noti kiganjani kwa kificho, alipe yeye, aonekane. Siku ile sikuwa na nguvu za kuficha kitu. Nilitoa pesa zangu mbele yao wote, nikamwekea mzee mkononi, nikamwomba radhi kwa kumngojesha.

Mzee alizikunja, akaziweka mfukoni, akamtazama mume wangu na kuinamisha kichwa.

"Aksanti sana, papa," alimwambia.

Mume wangu alifungua mdomo kumsahihisha, lakini mzee alikuwa ameshakanyaga pedali na kuingia katikati ya pikipiki.